Gari la yadi likizima baada ya wiki tatu: Mnunuzi ana haki gani Kenya?

Hadithi huanza karibu kwa njia moja. Mnunuzi analipa, anakabidhiwa funguo, anapigwa picha kando ya gari lenye utepe mwekundu kwenye boneti, na picha inapandishwa kwenye ukurasa wa yadi. Wiki tatu baadaye taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Giaboksi inaanza kugonga ikibadilisha gia. Meseji za WhatsApp zilizokuwa zikijibiwa kwa dakika moja sasa zinabaki na tiki mbili za samawati, kimya.

Akifika yadi mwenyewe anaambiwa, "Boss, gari ulikagua. Hii ni mitumba, ulitarajia nini?" Kisha anaonyeshwa mstari mmoja chini kabisa ya mkataba: gari limeuzwa kama lilivyo na mahali lilipo, pesa hazirudishwi.

Wengi huishia hapo. Wanakopa sacco, wanamlipa fundi na kumeza hasara. Lakini mstari huo hauna nguvu ambazo wenye yadi huupa. Pia gharama ya kutengeneza giaboksi au injini mara nyingi iko chini ya Sh1 milioni, kiwango kinachoweza kudaiwa katika mahakama ambako wakili si lazima na hukumu inatakiwa kutoka ndani ya siku 60.

Sheria inasemaje

Ya kwanza ni kongwe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, imekuwepo tangu 1931 na ilichotwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1893. Kifungu cha 15 kinataka bidhaa ilingane na ilivyoelezwa. Tangazo likisema gari ni la 2017, injini ya 1500 na halijawahi kupata ajali, hayo ni maelezo, na gari lazima liyafuate.

Kifungu cha 16 ndicho chenye uzito zaidi. Muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo anatakiwa kutoa bidhaa yenye ubora unaostahili kuuzwa. Na mnunuzi akimweleza muuzaji shughuli anayotaka gari liifanye, akategemea ujuzi wake, gari linapaswa kuifaa shughuli hiyo. Aliyesema wazi kwamba anataka gari la kupanda milima ya Nyeri kila wiki akiwa na abiria watano hayuko sawa na aliyenyamaza.

Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012. Kifungu cha 5 kinasema mwenye kuuza anahesabiwa kuwa ametoa hakikisho kwamba bidhaa ina ubora wa kuridhisha, hata kama hakutamka neno lolote. Kifungu hicho hicho kinabatilisha sehemu ya mkataba inayojaribu kuliondoa hakikisho hilo, au yale yaliyomo katika Sura ya 31. Hapo ndipo mstari wa "kama lilivyo" unapoanguka. Zamani muuzaji na mnunuzi wangeweza kukubaliana kuziweka kando kinga hizo. Kwa mkataba wa mteja na mfanyabiashara, sheria ya 2012 ilifunga mlango huo.

Juu ya zote kuna Katiba. Ibara ya 46 inampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro.

Kwa hiyo mstari wa mkataba si mwisho wa mazungumzo. Lakini si kila kitu kinachoharibika kwenye gari kuukuu ni kosa la muuzaji, na hapa ndipo wanunuzi wengi wenye hasira hukosea.

Kasoro ni nini, uchakavu ni nini

Magari mengi kwenye yadi za Nairobi na Mombasa yametoka Japan. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wauzaji wengi huagiza yaliyokaribia ukomo huo kwa sababu ni nafuu. Mnunuzi anachukua gari la miaka sita au saba. Breki zilizoisha, betri dhaifu, matairi ya kuchoka, bushi zinazolia kwenye matuta: hayo ni maisha ya gari la umri huo, na hakimu hatashtuka.

Kesi mbili za Uingereza, zote za magari ya Jaguar yaliyotumika, zinaonyesha mpaka ulipo. Hazizifungi mahakama za Kenya, lakini sheria yenyewe ni ya ukoo mmoja na mawakili huzitaja. Katika ya kwanza, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1965, mnunuzi aliambiwa mapema kwamba klachi ina tatizo dogo. Ikaja kugharimu zaidi ya alivyodhani. Akashindwa, kwa kuwa gari lilikuwa linaendesheka na anayenunua gari kuukuu anatarajia kutengeneza hiki na kile. Katika ya pili, ya miaka ya 1970, injini ya Jaguar yenye zaidi ya maili 80,000 ilikwama kabisa baada ya kama wiki tatu, mnunuzi akiwa ametembea zaidi ya maili 2,000. Huyo alishinda. Ushahidi ulionyesha kwamba injini ilikuwa karibu kufa siku ile ile gari lilipouzwa.

Swali basi ni hili: je, ugonjwa ulikuwa tayari ndani ya gari siku ya kukabidhiwa funguo? Na ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu, akiujua, asingelipa bei ile? Bei inahesabika. Umri na mileji pia. Injini iliyopasuka na kuzibwa kwa gundi ili ipite wiki moja ni kasoro. Plagi zilizochakaa si kasoro.

Kuna jambo jingine ambalo yadi hulitumia vizuri. Kifungu cha 16 kinasema mnunuzi akiikagua bidhaa, hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Mlango uliopakwa rangi tofauti na alama ya kutu chini ya gari ni vitu vinavyoonekana. Giaboksi inayogonga ikishapata moto, baada ya kilomita 40, haionekani kwa kuzunguka yadi mara mbili kwa gia ya kwanza. Kwa hiyo jibu la "ulikagua mwenyewe" lina nguvu kwa baadhi ya kasoro tu, na mnunuzi anaweza kuuliza: ukaguzi upi, wa dakika ngapi, na ulifanyika wapi?

Nani hasa aliyeuza?

Hapa ndipo kesi nyingi hufa kabla hata hazijaanza. Kwenye yadi moja kunaweza kuwa na magari ya aina tatu: ya mwenye yadi, ya waagizaji wengine walioyaegesha pale ili yauzwe, na ya watu binafsi waliochoka nayo. Mnunuzi anazungumza na mtu mmoja mwenye tabasamu, anatuma pesa kwa akaunti ya mwingine, na mkataba una jina la wa tatu. Gari likizima, yadi inasema, "Sisi tulikuwa madalali tu, mtafute mwenye gari." Mwenye gari naye ni nambari ya simu iliyozimwa.

Tofauti hii ina maana kisheria. Hakikisho la ubora katika kifungu cha 16 linamhusu anayefanya biashara ya bidhaa hizo. Jirani anayeuza gari lake moja habanwi nalo, ingawa yeye pia akidanganya kuhusu gari anaweza kushtakiwa kwa uongo huo. Mnunuzi anayedhani ananunua kwa kampuni kumbe mkataba ni wa mtu binafsi amepoteza kinga kubwa bila kujua.

Dawa iko kwenye karatasi. Jina la muuzaji kwenye mkataba, jina kwenye risiti na jina la akaunti iliyopokea pesa vinapaswa kuwa kimoja. Visipolingana, mnunuzi aulize kabla ya kulipa na jibu liandikwe. Jina lililo kwenye bango la barabarani mara nyingi si jina lililosajiliwa. Taarifa rasmi za kampuni, pamoja na wakurugenzi wake, hupatikana kwa kuomba kwa Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Kesi ikifunguliwa dhidi ya bango badala ya kampuni, muda unapotea bure.

Kwa aliyekwisha kununua, si yote yamepotea. Tangazo la mtandaoni lenye nembo ya yadi, meseji za afisa mauzo, risiti yenye muhuri, hata ile picha ya utepe: vyote vinasaidia kuonyesha kwamba yadi ilijitokeza kama muuzaji. Picha za skrini zipigwe mapema, kabla tangazo halijafutwa. Hufutwa.

Kurudisha gari au kudai fidia?

Karibu kila mnunuzi anataka kitu kimoja: achukue pesa zake, wao wachukue gari lao. Chini ya Sura ya 31 hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Mara mnunuzi anapolikubali gari, au umiliki wa gari mahususi unapokuwa umehamia kwake, kwa kawaida anabaki na haki ya fidia tu, si ya kulikataa gari. Kulitumia mwezi mzima, kulibadilishia redio na kulipaka filamu vioo ni ishara za kukubali.

Fidia huhesabiwa kwa tofauti kati ya thamani ya gari kama lingekuwa zima na thamani yake na kasoro ile. Mara nyingi gharama ya matengenezo ndiyo kipimo rahisi. Huongezwa hasara nyingine zilizotokana moja kwa moja, kama kuvutwa kwa gari na ada ya ukaguzi, zikiwa na risiti.

Njia ya kurudisha gari zima ina nguvu zaidi pale muuzaji alipodanganya. Sheria ya 2012 inahesabu kuwa ni uongo kusema bidhaa imetumika kwa kiwango tofauti na ukweli. Kwa lugha ya yadi, hiyo ni mileji iliyorudishwa nyuma. Ni uongo pia kudai gari lina ubora au hali ambayo halina. Mkataba uliofikiwa kwa njia kama hiyo mnunuzi anaweza kuuvunja, mradi atoe notisi ndani ya mwaka mmoja tangu kuufanya. Kama gari haliwezi tena kurudishwa, anaweza kudai kiasi alicholipa kupita thamani yake halisi, au fidia.

Mileji kuthibitisha si kazi ya uchawi. Cheti cha kuondoa gari Japan huwa na kumbukumbu ya kilomita zilizosomwa huko. Karatasi ya mnada huonyesha kilomita na daraja la gari, na daraja la R au RA humaanisha gari lilipata ajali na kutengenezwa. Cheti kikisema kilomita 118,000 na dashibodi ya yadi ikasema 64,000, hakuna haja ya kubishana na mtu.

Siku taa inapowaka

Kosa la kwanza ni kuendelea kuendesha. Kila kilomita inayoongezwa ni hoja kwa yadi kwamba mnunuzi ndiye aliyeliua gari. Gari lisimame, dashibodi ipigwe picha ikionyesha taa na kilomita, na muuzaji aarifiwe siku hiyo hiyo kwa maandishi. Simu haitoshi. Meseji au barua pepe yenye tarehe ndiyo inayosimama kortini.

Kosa la pili ni kumwachia fundi wa yadi alifungue gari kabla ya mtu mwingine kuliona. Anaweza kuwa fundi mwaminifu, lakini akishabadilisha kipuri, ushahidi umeingia kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Ripoti huru itangulie, kutoka gereji isiyo na uhusiano na yadi au mkaguzi anayetambulika kama AA Kenya. Iandike kasoro ni nini, gharama ya kutengeneza, na sentensi muhimu kuliko zote: kwa maoni ya mkaguzi, kasoro hii ilikuwepo kabla ya tarehe ya mauzo, na kwa nini anasema hivyo.

Kisha barua ya madai. Haihitaji Kiingereza cha mahakamani. Inataja tarehe ya kununua, bei, nambari ya chesisi, kasoro, kiasi kinachodaiwa na muda wa kujibu, kwa mfano siku 14. Yadi nyingi zinazojali jina lake huamka hapa, zikajitolea kugawana gharama. Mnunuzi akikubali, makubaliano yaandikwe na kusainiwa. Yakiwa na maneno kwamba hatadai chochote tena, ajue anachotia saini.

Kama yadi ilitoa waranti ya miezi mitatu au sita, iangaliwe pia, hasa sharti la kufanya sevisi kwao. Waranti hiyo ni nyongeza. Kuisha kwake hakufuti hakikisho lililo ndani ya sheria.

Kuianika yadi mtandaoni kuna ladha yake, na wakati mwingine huleta simu haraka kuliko barua. Lakini kumwita mtu mwizi bila karatasi mkononi ni kumpa nafasi ya kushtaki kwa kuharibiwa jina. Polisi nao kwa kawaida watasema hii ni kesi ya madai, na mara nyingi wako sahihi. Ni tofauti pale panapokuwa na udanganyifu wa makusudi ili kujipatia pesa, ambao ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu.

Mahakama ya Madai Madogo

Mahakama hizi ziliundwa na sheria ya 2016. Ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na nyingine zikafunguliwa baadaye katika kaunti mbalimbali. Kikomo ni Sh1 milioni. Watu husoma hapo na kukata tamaa, kwa sababu gari lao lilikuwa la Sh1.4 milioni. Lakini kinachopimwa ni dai, si bei ya gari.

Tuseme mwalimu wa Thika alinunua gari kwa Sh1.4 milioni, giaboksi ikafa baada ya mwezi. Giaboksi nyingine na ufundi ni Sh165,000, kuvuta gari Sh8,000, ripoti Sh7,000. Dai lake ni Sh180,000, na linaingia Madai Madogo bila shida. Angetaka kurudishiwa Sh1.4 milioni zote, angelazimika kwenda kwa hakimu wa mahakama ya kawaida, ambako mambo huchukua muda mrefu na wakili ni karibu lazima. Kuchagua kati ya hayo mawili ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika safari hii, na mara nyingi Sh180,000 za mwaka huu zina faida kuliko Sh1.4 milioni za mwaka usiojulikana.

Mlalamishi anaweza kujisimamia mwenyewe na kuzungumza Kiswahili. Mahakama haifungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo meseji za simu zilizochapishwa na ripoti ya fundi zinaweza kupokelewa bila mzunguko mwingi. Sheria inataka shauri lisikilizwe siku baada ya siku na hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee.

Sambamba na hapo, malalamiko kuhusu matangazo ya uongo hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani, CAK, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010. Mamlaka huchunguza na inaweza kuadhibu. Kwa mnunuzi anayetaka hela za giaboksi, mahakama ndiyo njia iliyonyooka zaidi.

Muda wa kushtaki kwa kuvunjwa mkataba ni miaka sita. Hilo lisimlaze mtu. Baada ya miezi minane barabarani, kuthibitisha kwamba ugonjwa ulitoka yadi ni kazi ngumu hata kwa mkaguzi mzuri.

Kama gari ni la mkopo

Benki na kampuni za mikopo huandikwa pamoja na mnunuzi kwenye logibuku mpaka deni liishe. Gari likizima, kishawishi ni kusitisha malipo. Huo ni mtego. Mkopo ni mkataba tofauti, na mkopeshaji anaweza kulichukua gari lile lile ambalo ndilo ushahidi wa kesi. Malipo yaendelee kama inawezekana, na mkopeshaji aarifiwe kwa maandishi, maana naye ana maslahi kwenye gari ambalo thamani yake imeshuka. Bima kubwa haitasaidia hapa. Kwa kawaida hulipia ajali, moto na wizi, si injini iliyochoka.

Kama ni yadi yenyewe iliyouza kwa malipo ya polepole huku ikishikilia logibuku, mkataba usomwe kuona kama ni wa ukodishaji-ununuzi. Sheria ya aina hiyo ya mauzo, Sura ya 507, ina kinga zake kwa mikataba isiyozidi Sh4 milioni, ikiwemo hakikisho kuhusu ubora wa gari.

Hukumu ikishatoka na yadi isilipe, mshindi hurudi mahakamani kuomba amri ya kukamata mali, na dalali wa mahakama ndiye anayeitekeleza. Magari yaliyopangwa mstari wa mbele kwenye yadi ni mali inayoonekana kirahisi, mradi ni ya kampuni iliyotajwa kwenye hukumu na si ya yule wa tatu mwenye simu iliyozimwa.